Baraka: Shati la kwenda kwa daktari halisubiri foleni

Saa moja asubuhi, soko la mji wa Baraka, kando ya ziwa, likiwa bado linapanga ndagala zake, yaani dagaa, Isidore anapuliza makaa ndani ya pasi ya chuma mpaka mashavu yanamvimba. Ana miaka 62. Meza yake imevikwa blanketi kuukuu, na mteja kabla hajaitua nguo anaulizwa swali moja.

“Ya kanisa ao ya munganga?”

Ya kanisa inangoja Jumamosi. Ya munganga, yaani ya kwenda kwa daktari au nesi, inanyooshwa palepale, mwenyewe akiwa ameketi kwenye benchi.

Hapa mtu mzima haendi kituo cha afya na nguo iliyokunjamana. Kwenye foleni ya pale kila mtu anakujua: shemeji yako, katekista, hata yule uliyemkataa ujanani. Duka la dawa, hata na kandambili za bafuni unaingia. Basi wazee wengi huanzia huko, wakanunua vidonge viwili vitatu, na ugonjwa unakomaa huku suti ikisubiri pasi.

Isidore hakufundishwa hilo darasani. Miaka miwili iliyopita, Eugène, mwalimu mstaafu, alimletea suti Jumatatu. Mvua ikalowesha makaa, kazi ikasogea hadi Alhamisi. Kumbe mwenye suti alikuwa kitandani na homa ya mapafu, anameza vidonge vya dukani, anangoja kupendeza.

“Mi nilifika kwa munganga batu bananibeba,” anasema Eugène, 74, ambaye sasa hupita kila asubuhi kunywa chai na kuchokoza. “Lakini ile pantalo ya suti ilinyooka kunishinda mi mwenyewe. Kama ningekufa, bangenitia tu mu sanduku, kazi ya kunivalisha ilikuwa imeisha.”

Tangu hapo swali likazaliwa. Kwa franga 500 kila shati, mashati yapatayo ishirini kwa siku njema, Isidore amesomesha watoto watano, na anawajua wagonjwa wa Baraka kabla manesi hawajawajua.

Mmoja tu ndiye aliyemponyoka: yeye mwenyewe.

Tangu Pasaka, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimekuwa kama vya kuazima, havihisi kitu. Mwezi uliopita alisikia harufu ya kuungua. Akainua suruali ya mteja, akaigeuza mbele na nyuma, akamshukuru Mungu: haina hata doa. Kilichokuwa kinaungua ni kidole chake.

Alianzia wapi? Kwa Lionel, mwenye duka la dawa ng’ambo ya barabara. Pomade ya kupaka kwanza, kisha vidonge vyekundu, kisha vya njano.

“Lionel iko ananiita papa,” anajitetea. “Haniulizi mbele ya batu nakojoa mara ngapi.”

Na mkono huo ndio kazi yenyewe. Pasi iliyojaa moto haikai kwenye mkono usiohisi. Siku moja tu ya kuteleza, na suti pekee ya mtu imekwenda.

Jumanne ya wiki iliyopita akaja Marthe, 69, muuza samaki, na kitenge mkononi.

“Ya kanisa ao ya munganga, mama?”

“Ya munganga. Ni haya magoti. Na we, kile kitambaa kwa kidole ni ya nini?”

“Kidonda kidogo tu. Lionel alinipatia pomade.”

“Tangu lini?”

Isidore akageukia makaa yake.

“Shati yako ya munganga iko wapi, papa Isidore?”

“Iko nyumbani. Sijaipiga pasi bado.”

“Baraka muzima unatupigia,” Marthe akasema. “Yako iko inangoja nani?”

Eugène akaacha chai, akaenda kulileta. Marthe akaishika pasi mwenyewe. Mkono wa kushoto wa shati ukapata mistari miwili badala ya mmoja, na mgongoni ukatokea mwingine ambao hakuna aliyeuagiza. Isidore alitazama kama mtu anayeona ndugu yake akipasuliwa.

“Usigeuke tu,” Eugène akamshauri. “Mugongo hauendi kwa munganga.”

Wakaondoka pamoja, magoti na mkono. Kituoni nesi akamchoma Isidore kidole, akapima damu: sukari. Ganzi imetoka huko, akamweleza, na mkono bado unaweza kuokolewa, mradi dawa anywe kila siku, si siku anazojisikia vibaya tu. Kila Alhamisi arudi wakitazame kidonda.

Sasa anapiga pasi na glavu nene, polepole. Ana mpango pia, na umeanza kwa msumari mmoja ukutani: hapo inaning’inia nguo safi ya kuazima, kwa mzee yeyote atakayesema hana la kuvaa kwenda kituoni. Marthe ameahidi kitenge cha kina mama.

Shati la kwanza kwenye msumari ni lile lile la Isidore, mistari yake ikiwa palepale.

“Sitaipiga tena,” Isidore anasema. “Muntu akicheka, namwambia: nilisimama nayo vile mbele ya munganga, na akaangalia kidole, hapana shati.”