Kilio Changu Granville

Tangu tutengane kambini Tanzania, kaka yangu Juvenali akaenda Ujerumani nami nikaletwa Sydney, tunakutana kwenye simu tu, tukiifuatilia timu ya mji wake iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja. Jumamosi asubuhi, nikiwa kazini kwenye nyumba ya wazee Granville, alinipigia akilia.

"Yamekwisha, mdogo wangu. Laiti ungekuwa hapa."

Mtu mzima na ndevu zangu, nikaangua kilio. Mama Neema, Mkongomani tunayefanya naye shifti, akanikumbatia, akaita wenzetu tuombe. Nilipotaka kusema ukweli, walikuwa wameshafumba macho. Baada ya amina akachukua simu, akaweka spika.

"Pole sana, papa. Nani ametutoka?"

"Timu yetu, mama," kaka akajibu kwa kwikwi. "Imeshuka daraja."