Besi ya Kijani na Chumba cha Mama

Gitaa langu la besi lilikuwa limepakwa rangi ya kijani ya mageti. Aliyeniuzia, mpigaji mmoja wa Kongo aliyekuwa akirudi kwao, alikuwa amelizungusha kumbi zote za Ilala na Buguruni bila kupata mnunuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Shingo yake iliwahi kuvunjika ikaungwa kwa gundi ya seremala, na ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi haukuwepo. Jirani yetu Mmakonde, mchonga vinyago, alinichongea mwingine wa mpingo. Nyuzi mpya hazikupatikana dukani miaka ile, kama sabuni na sukari zilivyokuwa hazipatikani, basi za zamani zikifa sauti nilizichemsha kwenye sufuria ya mama, zikafufuka kwa muda. Mama alilalamika kwamba chai ina ladha ya misumari.

Lakini lilikuwa langu. Bendi kubwa za mjini zilikuwa za mashirika ya umma, na vyombo vilikuwa vya shirika; mpigaji akifukuzwa anatoka mikono mitupu. Sisi tulikuwa vijana wa Temeke tu, tukipiga kila Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa mtaani, nyumba chache kutoka kwetu, nami nilikwenda na gitaa langu begani na kurudi nalo.

Mpiga besi hajulikani. Watu hutoka dansini wakimsifu mwimbaji na kumwiga mpiga solo kwa midomo, lakini besi ni kama chumvi, hutajwa ikikosekana. Hilo sikulijali. Nilichotaka ni kimoja: mama anisikie. Baba alikuwa mwalimu wa chuo, akifundisha watoto Kurani barazani, na kuhusu muziki wangu aliamua kunyamaza. Ukimya wake niliuzoea. Mama ndiye niliyemtaka, ila wanawake wa kwetu, watu wa pwani wenye staha zao, hawakanyagi ukumbi wa dansi. Nilimbembeleza aje asimame nje tu, akacheka hadi akajishika mbavu.

"Mie huyu, na mvi zangu, nikasimame mlango wa dansi? Watu waseme mke wa mwalimu kaja kutafuta nini?"

Kisha bendi yetu ikapata bahati ya kurekodiwa redioni, nikaona dawa imepatikana. Siku wimbo ulipotangazwa nilimketisha mama mbele ya redio yetu ndogo ya betri. Waimbaji walisikika, solo ikalia, hata manyanga yalisikika. Besi, hakuna. Spika ya kijiredio kile haikuwa na uwezo wa kutoa sauti nene. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole, "Na wewe uko wapi humo, mwanangu?"

Nikamwambia nipo nyuma. Halafu nikaenda uani nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Mwaka uliofuata baba akafariki. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kajifunika nguo nyeupe, hatoki nje ya nyumba. Nami nikaacha muziki mpaka arobaini ipite, maana mtoto wa marehemu hapigi dansi na matanga hayajapoa. Ukumbi nao ulinyamaza kwanza kwa heshima ya jirani, kisha ukafunguliwa. Bendi haikuwa na besi nyingine, kwa hiyo niliwaazima yangu, wakamleta mpigaji kutoka Keko ashike nafasi yangu.

Jumapili ya kwanza ya mpigaji huyo nilikuwa nimeketi na mama chumbani. Miaka yote ile sikuwahi kuwa nyumbani saa za dansi, maana saa hizo mimi nilikuwa ukumbini. Muziki ulipoanza nilishangaa. Mwimbaji hakusikika, wala solo. Nyumba za katikati na ukuta wetu wa udongo vilikuwa vimemeza kila kitu. Kilichofika ni besi peke yake, imepita ardhini, na kikombe cha bati juu ya kifuniko cha mtungi kilikuwa kinatetemeka.

Mama alitega sikio, akakunja uso. "Nani huyo uliyempa gitaa lako?"

"Mtu wa Keko. Umejuaje?"

"Anakimbia huyo. Anapiga kama anayewahi gari. Wewe una subira, baba. Ukishaipiga moja unaiacha ikae, ndio unaleta nyingine."

Nilimgeukia. Akanieleza kwamba kishindo kile alikuwa akikilaani kila Jumapili, akidhani ni ngoma ya watu wasio na kazi. Mpaka mwezi ule nilipolazwa hospitali kwa homa: kishindo hakikuja. Nilipopona, kikarudi.

"Nikajua ndiye wewe. Tangu siku hiyo Jumapili mchana silali."

"Mbona hukuniambia?"

"Baba yako alikuwepo. Ningemwambiaje kwamba nangoja dansi?"

Arobaini ilipopita nilirudi ukumbini, na tangu hapo sikuwa nikiwapigia waliolipa kiingilio. Nilimpigia mwanamke mmoja aliyekaa chumbani, ukumbi mzima ukiwa umepunguzwa mpaka nikabaki mimi peke yangu masikioni mwake. Wenzangu walinung'unika kwamba nimekuwa mzito. Jioni nikirudi, mama alinipa hukumu yake: ule wa kwanza umenoga, ule wa katikati ulikuwa unawaza mambo mengine. Sijawahi kufurahi vile, na nasema hivyo nikiwa nimeoa na kuzaa.

Eda ikaisha, akavua nyeupe, lakini nguvu hazikumrudia. Kifua kilimbana. Jumapili moja alizidiwa, nikaliweka gitaa chini na kusema siendi. Akanikunjia uso uleule aliomkunjia mtu wa Keko.

"Nenda kapige, nikusikie. Ukikaa hapa utanikodolea macho tu."

Mdogo wangu wa kike akabaki naye. Nilikwenda, nikapiga kwa vidole na kwa moyo wote. Watu walikolea, na wimbo mmoja ulipofika mwisho niliwaashiria wenzangu tusipumzike, tuunganishe na mwingine. Nilitaka mama asikae na kimya. Tulipomaliza nilitoka nje kupunga upepo, jasho linanitiririka, nacheka.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kando ya mlango, kajiziba mdomo kwa buibui. Alikuwa amekuja mbio mpaka pale, na pale miguu ikagoma, kwa kuwa binti wa mwalimu haingii ukumbi wa dansi. Alimwomba mkata tiketi aniite. Yule hakuuliza kuna nini, akamwambia asubiri wimbo uishe.

"Kaka, mama katutoka."

Nilimuuliza tangu saa ngapi. Hakuwa na saa.

"Nyimbo mbili nimesimama hapa," akasema.

Simlaumu, hata mama asingeingia. Lakini nyimbo zile mbili nilizipiga vizuri kuliko zote za maisha yangu, na nilikuwa nikimpigia yeye.