Mama Mihuri na mbwa wa dereva mstaafu

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Mama Mihuri anazima feni, ingawa joto la leo halina adabu. Upepo hupeperusha chembe za chuma, na chembe moja ikiingia jichoni, siku imeharibika. Anavaa miwani ya lenzi nene, anashusha pumzi, kisha anasukuma kalamu ya chuma kwa kiganja. Nukta moja. Anaifuta kwa kidole, anaikagua, anachonga ya pili.

Anachora mbwa kwenye kifuniko cha nyuma cha saa ya mfukoni. Zimebaki nywele za shingo tu.

Hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza alikosea, kifuniko kikasagwa hadi kikawa laini upya, na sasa ni chembamba kiasi kwamba hakivumilii kusagwa tena. Mwenye saa, dereva mstaafu, anakuja saa sita. Saa nyingine ya mfukoni hana.

"Nikiharibu leo narudi kwenye mihuri yangu, sigusi tena mali ya mtu," anasema bila kuinua kichwa. "Nimeshamwambia Fundi, mwalimu wangu."

Kwa miaka ishirini na mitatu, mama huyu wa watoto watatu alichonga mihuri ya mpira kwa mkono: ya shule, ya zahanati, ya maduka. Wiki nzuri alitoa arobaini. Kisha zikaja mashine za kompyuta, na wiki nzuri ikawa ya mihuri mitatu.

Chumba cha pili kutoka chake, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ambaye wote humwita Fundi, alikuwa akichora wanyama kwenye visu na saa kwa nukta na mistari myembamba kama unywele. Mama Mihuri, akiwa na miaka hamsini na mmoja, akabisha hodi na kuomba afundishwe.

"Nilidhani ananitania," Fundi anakumbuka. "Mtu wa kunizaa ananiita mwalimu! Lakini mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wangu."

Utulivu huo haukumwepusha na vichekesho. Sungura wake wa kwanza alitoka na manyoya manene hata Fundi akauliza, "Mama, huyu nungunungu umemtoa wapi?" Mbuzi aliyefuata alikuwa kipofu. Hapo ndipo alipojifunza kuwa mwanga wa jicho hauchongwi, unaachwa. Ukikagusa kale kasehemu kanakong'aa, mnyama amekufa na hafufuki.

Mwezi wa kumi na moja wa mafunzo alipewa kazi yake ya kwanza ya mteja: mbwa aliyeishi na dereva miaka kumi na minne, mwenye sikio la kushoto lililochanika. Alichonga siku kumi na tisa. Manyoya yalilala vizuri, jicho likawaka. Fundi akapiga makofi, kisha akainua picha ya mbwa huyo alinganishe.

Kwenye saa, sikio lililochanika lilikuwa la kulia.

"Miaka yote hiyo nimechonga kila kitu kinyume, maana muhuri husomeka ukishagongwa," anaeleza. "Mkono ukamgeuza mbwa wa watu bila kuniuliza! Mazoea yana tabu."

Alilia. Halafu akajipangusa na kwenda mwenyewe kumwambia mwenye saa. Dereva akasema, "Hata mimi nimewahi kushika njia siyo, mama. Unageuza gari, unarudi."

Ndiyo maana leo picha iliyo mbele yake ina mshale mwekundu, na kila nusu saa Fundi anachungulia.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwa mbwa, mwanangu! Niache nifanye kazi."

Saa sita na dakika tano dereva anaingia. Anaipeleka saa dirishani, anaigeuza hivi, anaigeuza vile. Mama Mihuri ameshika ukingo wa meza na amesahau kuvua miwani. Fundi anajifanya anatafuta kitambaa.

Mzee anakunja midomo na kupiga mluzi mfupi, mara mbili. Kisha anacheka huku macho yamelowa.

"Samahanini," anasema. "Ndivyo nilivyokuwa nikimwita."

Mama Mihuri anakaa kwa furaha, nusura akikose kiti.

Alipoulizwa atachora nini baada ya hapa, hakusita: ndege kanga. Fundi akatikisa kichwa. Kila doa jeupe la kanga ni mahali ambapo kalamu haitakiwi kugusa, na madoa yenyewe ni mamia.

"Mimi mwenyewe alinishinda," alisema. "Nilijaribu mara nne nikamwacha."

"Basi tutamwendea wawili," Mama Mihuri akajibu, akiweka kipande kipya cha shaba mezani. "Sogeza kiti, mwanangu."