Moto Uliotambaa Chini ya Theluji

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba moto wa msitu wa Alaska ulikuwa unasafiri chini ya ardhi kuja Mesquite, Texas. Mimi, mhitimu wa shule ya usiku, mwenye cheti kikubwa kuliko televisheni ya sebuleni!

Mke wangu ni nesi. Mwezi wa nne alichukua mkataba katika kliniki ndogo huko Alaska, katikati ya misonobari isiyo na mwisho, akanitumia picha: theluji tupu, na moshi unafuka kutoka ndani yake. "Moto wa mwaka jana," aliandika. "Ulilala chini majira yote ya baridi. Sasa umeamka."

Nilimwonyesha mwenzangu wa ghalani, Mkongomani wa Goma, mtu asiyenyamaza hata akitafuna. Alisogeza sahani yake kando.

"Ndugu, ile moto inatembeaka chini," akasema. "Kwetu mulima ya moto iko mbali, lakini udongo ulipasukaka kati ya mji. Ambia madame yako arudi."

Usingizi ukanihama. Nikifumba macho namwona mke wangu kalala juu ya jiko. Kila asubuhi nilipapasa sakafu kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa.

Agosti ikaja na jua la kukaanga mayai kwenye boneti. Nyuma ya nyumba ardhi ikapasuka ufa wa kumeza ng'ombe. Haya basi, kuku. Nikaingiza mkono: hewa ya moto! Ng'ambo ya ua, jirani yangu, mzee wa hapahapa Texas, alikuwa amezungusha mpira wa maji kwenye msingi wa nyumba yake, anaulowesha taratibu. Kumbe mzee anajua, na ameshaanza kujikinga!

Nikampigia mke wangu simu. "Mama, toka huko leo hii! Umefika mpaka huku!"

"Nini kimefika?"

Nikamweleza yote: moto, ufa, mpira wa jirani. Nilingoja kicheko, hakikuja.

"Baba, sikiliza. Huo ni udongo wa mfinyanzi umekauka. Watu wa Texas hulowesha msingi ili nyumba isipasuke. Moto wa huku unakula mboji, na hausogei mbali. Ukikuta maji au udongo ulioganda, unazimika. Huo hatuuogopi. Tunaogopa wa juu, unaorushwa na upepo mti hadi mti. Ndiyo maana nalala na viatu miguuni, na begi liko mlangoni."