Mtu wa Kunirithi Nyumba ya Tegeta

Dalali aliyenipangishia nyumba ya Tegeta alikuwa na simu tatu na maneno ya kuzitosha zote. Alinionyesha nyumba mwezi wa pili, jua likiwaka, ardhi imekauka mpaka inapasuka. Kuta zilikuwa krimu juu na rangi ya mafuta ya kahawia chini, hadi usawa wa goti. Nikamuuliza mbona rangi mbili.

"Hiyo ndo ya kisasa, sista. Watoto wakichafua unafuta tu."

Nikafurahi kama mjinga. Nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama tunavyolipa wote hapa mjini, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, halafu nikamshukuru.

Masika ilipoanza, maji yaliingia kwa mlango wa uani, yakapanda taratibu mpaka mwisho wa ile kahawia, yakasimama hapo hapo. Kumbe hata fundi rangi alijua. Asiyejua alikuwa mimi niliyelipa.

Binti yangu ana miaka minne na ana pumu. Wiki moja ya unyevu ilitosha kumbana kifua. Daktari wa zahanati hakuniandikia hata dawa mpya, aliniambia nimtoe kwenye nyumba hiyo. Nikapata vyumba viwili Chanika, mlimani, pakavu kabisa. Mwenye navyo naye alitaka miezi sita, na yangu ilikuwa imelala kwenye maji Tegeta.

Nikampigia dalali nikitaka kodi ya miezi iliyobaki. Alicheka kwa adabu.

"Kodi ikishaingia haitoki, sista. Mwenye nyumba yuko Muscat, hela kashaijengea. Tafuta mtu wa kukurithi. Akilipa yeye, nakupa chako, mie nachukua mwezi wangu."

Nikamtajia mkataba. Akanishauri niusome vizuri. Nikausoma, aliuandika yeye, na kila kifungu kilimpenda yeye. Nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti alinisikiliza, akasikitika sana, kisha akaniuliza kama mrithi nimeshampata, maana ana mpwa wake anahangaika na nyumba. Nilipomweleza habari ya maji, mpwa akawa ameshapata.

Mtu wa kwanza aliyekuja kuona nyumba nilimwambia ukweli wote. Alinishukuru akiwa ameshafika barabarani. Wa pili naye hivyo hivyo. Dalali akanijia amevimba.

"Unaniharibia biashara, na unajiharibia mwenyewe. Huo ukweli utamtibu mwanao?"

Wiki ile mtoto alikuwa analala ameketi, nimemwegemeza kwenye mito.

Basi nikawa mwanafunzi. Dalali alinifundisha kusubiri jua liwake siku tatu mfululizo, kudeki kwa sabuni ya unga yenye harufu kali, kufungua madirisha na kufukiza udi. Kabla ya kuwasha udi nilimpeleka binti yangu kwa jirani, maana moshi unambana. Nilifukiza nyumba ili wageni wasisikie harufu ya kitu kilichokuwa kinamuumiza mwanangu. Dalali alinusa, akatikisa kichwa. "We sista una kipaji," akasema, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona fahari.

Wakaja mke na mume kutoka Lindi. Mume mchongaji wa vinyago, mke amembeba mtoto mgongoni. Mke akatazama viatu vya mwanangu mlangoni, kisha akapapasa ukuta.

"Dada, maji hayaingii humu?"

Dalali akakohoa. Nikajibu, "Mie nimekaa hapa raha mustarehe, mdogo wangu. Nahama sababu ya kazi." Sauti ilitoka laini mpaka nikaishangaa.

Walilipa siku hiyo hiyo, dalali akakata mwezi wake, akanipa changu. Yule dada akachukua namba yangu, asije akakwama na mambo ya umeme wa luku. Kesho yake nikakodi kirikuu, nikapakia vyombo, nikahamia Chanika. Wiki mbili hazikuisha, mtoto akaanza kukimbia tena. Nilikuwa na furaha, na sitasema uongo mwingine: aibu sikuiona hata kidogo.

Mvua ikarudi. Asubuhi moja naosha vyombo, simu ikaita, namba ya yule dada. Nikajiweka tayari kwa matusi. Majibu nilikuwa nayo, yote ya kumtupia dalali. Hakunitukana. Nyuma yake nilisikia ndoo zikiburuzwa sakafuni na mtoto akilia.

"Shikamoo dada. Samahani kwa usumbufu," alisema. "Eti, nyie mtoto mlikuwa mnamlaza wapi maji yakiingia?"

Nikamjibu upesi, kabla sijafikiri: juu ya meza ya chakula, na meza uipandishe juu ya matofali.

"Ahsante, dada," akasema, akakata simu akaendelee kuchota maji.