Breka Inayovumilia

Fundi umeme wa meli hufumba macho anaporekebisha breka kubwa ya jenereta, bisibisi vidoleni, kana kwamba anasikiliza pumzi za mtu aliyelala. Hataki ikate umeme upesi. "Breka ndogo za kila chumba zitangulie kukata," humwambia mpishi. "Hii mama yao ikikurupuka, inazima meli nzima, hadi usukani. Tumekwisha."

Leo jiko la mpishi lilipiga shoti meli ikipenya mlango mwembamba wa bandari, miamba huku na huku. Taa zote zikafifia kama macho yanayosinzia, kisha taratibu zikafumbuka. Jikoni tu ndiko kulikobaki giza. Mpishi, roho mkononi, akakimbilia kuomba radhi. Akamkuta fundi amelaza kiganja juu ya breka kubwa, akiinong'oneza: "Umechokozwa, mwanangu, na hukujibu."