Faili Alilokataa Kulifungua Mama Hodi

Mimi ni mtunza masjala wa ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa miaka kumi na minne sikuwahi kuingia nyumba ya mtu kikazi. Nyumba za watu zilinijia mezani zikiwa zimefungwa uzi na kupigwa muhuri. Kwa hiyo nikimsimulia Mama Hodi, mtu asitarajie nisimulie kwa upole. Hasira bado ninayo.

Jina hilo alipewa mtaani. Ukisikia hodi asubuhi, na anayebisha hauzi kitu wala hadai kitu, ni yeye. Ofisa wetu wa kutembelea familia: mwanamke mfupi, viatu vya raba, mkoba umechakaa mpini. Alikuwa na kanuni moja: haulizi swali katika nyumba ya mtu mpaka mikono yake iwe imelowa. Ataomba aoshe vikombe, ataomba asuuze nepi.

"Mtu ukimkalia mbele na kalamu, anakupa jibu la kalamu," aliniambia. "Msaidie kusuuza, uone kama atakumbuka kukudanganya."

Hakuzaliwa na akili hiyo. Alipokuwa mgeni kazini alifunga faili la binti mmoja, kwa sababu kila kisanduku cha fomu kilikuwa na alama ya vyema. Miezi mitatu baadaye binti alilazwa hospitalini, mkono umevunjwa na baba wa kambo. Leo binti huyo ni fundi cherehani, mtu mzima na watoto wake, na Mama Hodi bado humpitia kila mwezi. Akiambiwa faili lile lilishakufa, hujibu, "Faili limekufa. Mtu hajafa."

Kisha tukaletewa mkuu mpya, tuliyempachika jina la Bwana Takwimu. Siku ya kwanza alichora ngazi tatu ubaoni: kuzuia tatizo kabla halijazaliwa, kulishika likiwa changa, na kuwauguza waliokwisha kuumia. Tukapiga makofi. Mmoja wetu akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, kama ilivyo ada ya semina, na kama ilivyo ada hakuna aliyetaja saruji. Wiki iliyofuata likaja agizo: ziara itakayohesabiwa ni ya nyumba yenye faili tu. Na faili, kwetu, hufunguliwa mtu akishaumia. Ngazi mbili za kwanza zilibaki ubaoni mpaka mfagizi alipozifuta.

Mama Hodi alikutwa na ziara arobaini na moja zisizo na faili. Nyingi zilikuwa za nyumba moja, nyuma ya mashine ya kusaga, kwa mama wa mapacha wa miezi minne. Mume alikuwa kazini mbali. Mama Hodi alikuwa akipita tu njiani, akaona kamba ya nguo tupu siku tatu mfululizo. Watoto wachanga wawili, na hakuna nepi hata moja juani! Akabisha hodi. Akaomba beseni. Walipokuwa wanasuuza, yule mama akasema, "Dada, wakilia wote wawili natamani nitoke, nisirudi."

"Umewahi kufika wapi?" Mama Hodi akauliza, huku anakamua nepi.

"Mpaka getini."

Kesho yake alimpeleka kliniki. Akawapanga majirani wawili wapokezane watoto jioni. Saa za mchana, ambapo hapakuwa na mtu, akazichukua yeye mwenyewe.

Mkuu alimwita ofisini. Nilikuwepo, nimebeba mafaili.

"Nataka kukusaidia," alisema, akimsogezea fomu. "Fungua faili la huyu mama. Utelekezaji wa watoto. Ziara zako zote zitahesabika, na mimi sitakuwa na neno."

Fomu ile nakala moja huenda polisi, nyingine mahakama ya watoto. Sote watatu tulilijua hilo.

"Hajamtelekeza mtu," alisema Mama Hodi.

"Ni karatasi tu, mama."

"Karatasi tu? Basi ijaze kwa jina la mkeo."

Nilikaribia kudondosha mafaili. Mkuu aliiva uso. Kuanzia Jumatatu, akasema, Mama Hodi atakaa masjala, na ziara ni marufuku.

Jumatatu akakaa mkabala nami, akapanga mafaili vizuri kuliko mimi. Saa ya chakula ilipofika alivaa raba zake. Mkuu akamkuta kwenye korido.

"Unakwenda wapi?"

"Kula."

"Kwa viatu hivyo?"

"Saa ya chakula ni yangu, bosi. Na tumbo ni langu."

Akarudi saa nane kamili, vidole vimesinyaa kwa maji, chakula chake hakijaguswa. Ikawa hivyo siku nne. Ijumaa mkuu akaitisha kikao saa ya chakula, kikao cha watu wawili, yeye na Mama Hodi. Alijua anachofanya. Mama Hodi alivua raba zake, akazisukuma kwa mguu chini ya meza mpaka zikagusa viatu vyangu, akaingia kikaoni na ndala.

Nikazivaa. Zilinibana. Nilikwenda nazo hivyo hivyo. Nyuma ya mashine ya kusaga nilisikia watoto wanalia, wote wawili. Mama yao alikuwa amesimama getini. Amevaa viatu, ameshika pochi.

"Hodi," nilisema, ingawa tulikuwa uso kwa uso.

"Dada yuko wapi?"

"Wamemzuia. Nimekuja mimi."

Akatazama barabarani. Swali lilinijaa mdomoni: unakwenda wapi, na watoto je? Fomu yetu inaanza na swali hilo hilo. Nikalimeza. Nikakunja mikono ya blauzi yangu.

"Naomba beseni," nilisema.

Alinitazama mikono, kisha viatu. Raba alizitambua. Akageuka, akaingia ndani kulitafuta beseni, na mimi nikamfuata, nikafunga geti.

Nilirudi ofisini saa tisa, blauzi imelowa mpaka kifuani. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni pa masjala.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kula," nikamjibu.